Wajibu wa Mwajiri na Kikomo cha "Kadiri Inavyowezekana"

Waheshimiwa waajiri, maafisa wa usalama na ndugu wawakilishi wa wafanyakazi, nimeombwa nieleze jinsi Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inavyofasiriwa. Nitashikilia jambo moja ambalo waajiri wengi hulielewa visivyo: si kila wajibu uliomo katika sheria hiyo unaoruhusu utetezi wa gharama.

Tuanze na mashine. Sheria inaagiza kwamba kila sehemu ya mashine iliyo hatari ikingwe barabara, isipokuwa pale ambapo mahali ilipo au umbo lake linatosha kumlinda kila mfanyakazi. Agizo hili lina asili yake katika Sheria ya Viwanda ya Uingereza ya 1937, na kwa sababu hiyo hukumu za huko bado zinasaidia kulifasiri, ingawa haziwafungi majaji wetu. Mwaka 1955, katika kesi ya John Summers & Sons dhidi ya Frost, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati huo ilisikiliza madai ya fundi aliyeumia kidole gumba kilipogusa jiwe la grinda likiwa linazunguka. Kinga ilikuwapo, ila sehemu ya jiwe iliachwa wazi, maana bila uwazi huo hakuna chuma kinachoweza kunolewa. Mwajiri alisema kwamba kuliziba jiwe lote ni kuifanya mashine isifae kwa kazi. Majaji walikubali kwamba huenda ikawa hivyo, na bado wakamwona ana hatia, kwa kuwa kifungu hakikuweka sharti kwamba mashine iendelee kutumika. Wapo wanaoona uamuzi huo ni mkali mno; mimi naona ni wa haki, kwa sababu anayestahili kulegeza sheria ni mwenye mamlaka ya kuitunga, wala si msimamizi wa karakana mwenye oda ya kumaliza kabla ya jioni. Na ndivyo ilivyokuwa: Uingereza ilitunga kanuni maalumu za mawe ya grinda mwaka 1970.

Njia ya kufikia mahali pa kazi, yaani ngazi, vijia na majukwaa ya ujenzi, ina lugha tofauti. Hapa sheria inataka njia iwe salama "kadiri inavyowezekana kwa kiasi cha kuridhisha", na wengi huyasoma maneno haya kana kwamba yanasema "kadiri mfuko unavyoruhusu". Katika kesi ya Edwards dhidi ya National Coal Board, mwaka 1949, mchimba makaa alifariki baada ya ukuta wa njia ya chini ya ardhi, usiokuwa na nguzo za kuuzuia, kumwangukia. Jaji Asquith alieleza kwamba hatari huwekwa upande mmoja wa mizani, na fedha, muda na usumbufu wa kuiondoa upande wa pili. Mwajiri husalimika tu akithibitisha kwamba gharama inaizidi hatari kwa kiasi kikubwa mno. Zikikaribiana, ameshindwa. Kwamba kampuni haina fedha mwaka huu si uzito wa kuwekwa kwenye mizani hiyo.

Kuhusu nani anabeba wajibu huu, sheria inamtaja mtu anayepashikilia hasa mahali pa kazi, awe mmiliki au asiwe. Kwa hiyo kukodi jengo si kinga.

Lililo zito zaidi katika hukumu ya Edwards, na ambalo sijaona likitiliwa maanani vya kutosha, ni wakati wa kupima. Asquith alisema hesabu hiyo hufanywa kabla ya ajali. Mwajiri anayekaa na wakili wake baada ya kibarua kuanguka, akaanza kutafuta bei ya vyuma vya jukwaa ili aonyeshe kwamba vingekuwa ghali, amechelewa. Linalotakiwa ni maandishi ya siku ambayo jukwaa lilipangwa: urefu wake, idadi ya watakaolipanda, njia nyingine zilizofikiriwa, na sababu ya kila iliyokataliwa, pamoja na sahihi ya aliyeamua.