Kutoboa Seli kwa Mwanga

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wazazi mliofika jioni hii hapa Moshi,

Kitanzi hiki cha waya nimekichovya katika maji ya sabuni, nanyi mnauona utando mwembamba uliotanda ndani yake. Nikiuchoma kwa sindano kavu unapasuka. Nikiilowesha sindano kwanza, inapenya na kutoka, na utando unajifunga kana kwamba haukuguswa. Utando wa seli, ambao ni tabaka mbili za mafuta zenye unene usiozidi nanomita 10 (nanomita ni milimita iliyogawanywa mara milioni), nao huweza kujiziba hivyo, na ndiyo maana tunaweza kuingiza jeni ndani ya seli bila kuiua.

Jeni haiingii yenyewe, kwa kuwa DNA inayoiunda ni molekuli kubwa yenye chaji hasi. Wengi hutumia virusi vilivyoondolewa makali, au mshtuko wa umeme unaotoboa seli nyingi kwa pamoja. Leza, yaani mwali mwembamba wa mwanga wenye nguvu, ilijaribiwa kwa kazi hii Japani mwaka 1984, lakini kazi inayonivutia zaidi ni ya watafiti Tirlapur na König, iliyochapishwa mwaka 2002. Wao walitumia mapigo ya mwanga usioonekana kwa macho, yanayopimwa kwa femtosekunde, yaani sehemu ya sekunde iliyogawanywa mara milioni bilioni. Mwanga huo hupita katika majimaji bila kuyadhuru, na ni pale tu lenzi ya hadubini inapoukusanya kuwa nukta ndipo unapopata nguvu ya kufungua tundu, DNA iliyomo katika majimaji ikapenya, kisha tundu likajifunga. Jeni waliyoingiza ilitokana na yavuyavu, yule mnyama laini wa baharini, na seli iliyoipokea iling'aa kijani.

Ninachokithamini hapa ni uwezo wa kuchagua seli moja na kuiacha ya jirani yake salama. Hata hivyo, kutibu ugonjwa wa selimundu, unaotokana na kosa la herufi moja tu katika jeni ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, hutaka kurekebisha seli za damu kwa mamilioni. Tiba yake ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 ilitegemea umeme. Ndiyo maana nawahimiza wanafunzi waitazame njia ya chembe za dhahabu: zinanyunyizwa juu ya seli, leza inazipasha moto, na viputo vya mvuke vinatoboa seli nyingi kwa mkupuo mmoja.

Sindano imelowa tayari. Anayetaka kujaribu kabla ya maswali na aje mbele.