Mhadhara kwa wanaoishi na mwenza mlevi, Tabora

Mwangaluka, mama zangu na baba zangu. Shikamooni wakubwa. Tumekutana hapa mjini, lakini naona wengine mmetoka Urambo, Sikonge na Kaliua, kwa hiyo nitasema ya nyumba ya mjini na ya nyumba ya shambani. Naona pia wanaume waliokaa kule nyuma. Wake walevi wapo, na waume zao huona aibu zaidi kusema. Nikisema "mwenza", kila mtu amweke wa kwake.

Nguvu nyingi za mtu anayeishi na mlevi huishia pasipo na faida: kuficha chupa, kumwaga wanzuki, ile pombe ya asali, kumfuata kilabuni, kumwapisha asubuhi akiwa na majuto. Mmeyafanya hayo yote na jioni karudi vilevile. Mwaka 1951 huko Marekani, ndugu wa walevi walianzisha vikundi vya Al-Anon, na mpaka leo wanakumbushana mambo matatu: si wewe uliyemsababishia, huwezi kumdhibiti, huwezi kumponya. Wengine wakisikia hivyo hudhani wanaambiwa wakunje mikono. Hapana. Usiku wa nyumba yenu, fedha, chakula, watoto, na namna atakavyofika hospitali siku atakaposema amechoka, hayo yamo mikononi mwenu. Leo tutayashughulikia hayo.

Kwanza ujue unaishi na mtu wa aina gani. Daktari mmoja wa Marekani, John Ewing, alitunga maswali manne ambayo bado yanatumika. Amewahi kuona inampasa apunguze? Hukasirika watu wakimsema juu ya pombe? Hujisikia na hatia? Hunywa asubuhi akiamka? Majibu mawili ya "ndiyo" yanatosha kumpeleka kwa mganga wa zahanati. Mimi nawaomba mlitazame sana hilo la nne. Mtu anayezimua kila siku, ambaye mikono inatetemeka mpaka apate kikombe cha kwanza, mwili wake umeshaitegemea pombe. Huyo ni mgonjwa, na ana hatari yake ambayo nitaieleza.

Sasa usiku. Amefika, amelewa. Usimuulize fedha, usimuulize alikuwa na nani, usimtajie mama yake. Ubongo uliolewa haupokei somo, na neno dogo hugeuka ngumi. Sema maneno machache kwa sauti ya kawaida: "Karibu. Chakula kipo. Tutaongea kesho." Koroboi na jiko la mkaa viondoke karibu na kitanda, maana walevi huungua. Panga na shoka visikae chumbani. Mtoto mchanga asilale kitanda kimoja na mtu aliyelewa, baba au mama, kwa sababu humlalia bila kuhisi.

Akianguka akalala fofofo, mlaze ubavu, goti la juu likunjwe mbele, mdomo uelekee chini kidogo ili matapishi yatoke. Akilala chali anaweza kupaliwa na matapishi yake akafa. Kisha mwite na umfinye bega. Asipoamka kabisa, au pumzi zake hazifiki nane kwa dakika, au zinakatika kwa sekunde kumi na zaidi, au midomo imekuwa ya bluu na mwili wa baridi, tafuta usafiri wa hospitali usiku huohuo. Msimmwagie maji, msimpe kahawa wala maziwa, msimtapishe kwa kidole. Kahawa haiondoi pombe. Ini ndilo linaloiondoa, gramu saba hadi kumi kwa saa, haliharakishwi. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu kama 20. Aliyekunywa sita tangu saa 1 jioni, saa 12 asubuhi bado anayo mwilini, hata kama ameoga na kupiga mswaki. Kama ni dereva wa bodaboda, mtoto wako asipande pikipiki yake kwenda shule asubuhi hiyo.

Gongo ina hatari ya peke yake, kwa sababu hakuna ajuaye nguvu yake wala kilichochanganywa ndani. Ikiwa na methanoli, aina ya pombe yenye sumu, mtu anaweza kuamka akidhani ni uchovu wa kawaida, kisha baada ya saa 12 hadi 24 anaanza kuona ukungu, tumbo linauma, anahema haraka. Usingoje macho yatulie. Mpeleke mara moja, na uwaambie alikunywa nini na lini. Kama kuna kilichobaki kwenye chupa, ibebe.

Mazungumzo yawekeni asubuhi, akiwa amekula na hajazimua, watoto wakiwa hawapo. Ongea dakika kumi tu. Taja jambo moja lililotokea, lilivyokuumiza, na unachotaka: "Jana ulipiga mlango, Asha akaamka analia. Niliogopa. Naomba twende wote zahanati Jumatano." Usimwite mlevi, usimkumbushe ya miaka kumi iliyopita. Robert Meyers na wenzake kule Marekani walijenga mafunzo mazima ya familia juu ya mambo hayo: siku akiwa mkavu, yaani hajanywa, kaa naye, mpikie anachopenda, mcheke pamoja, akilewa, jitenge kwa upole ukafanye yako. Wengi wetu tunafanya kinyume. Siku aliyokuja mzima ndiyo tunayomtolea makosa ya wiki nzima, naye anajifunza kwamba nyumbani pa amani ni kilabuni.

Acheni pia kumfutia alama. Deni la kilabuni si lako, usilipe. Usimpigie bosi wake simu kusema ana malaria. Akijitapikia, asubuhi afue mwenyewe. Ila pana mpaka, na wengi huuvuka kwa hasira: matokeo yanayowaangukia watoto au riziki yenu yasiachwe yaanguke. Chukua bani la tumbaku, lile banda la kukaushia majani kwa moto. Ukaushaji unachukua siku tano hadi saba, moto unapandishwa kidogo kidogo, na usiku lazima awepo mtu macho. Mlinzi akilewa akalala, moto ukishuka majani yanageuka kahawia na daraja la ubora linashuka. Ukizidi, jani kavu likidondokea bomba la moto, bani zima linateketea. Huwezi kusema "acha aone". Kabla ya kupakia bani, panga zamu na kijana wa familia au jirani, na mwenza asiwekwe zamu ya usiku hata akiapa.

Tumbaku inanifikisha kwenye fedha, na hapa nitakaa, kwa sababu Tabora nyumba nyingi huvunjika msimu wa soko. Fedha ya mwaka mzima inaingia kwa mkupuo. Chama cha msingi kinakata mkopo wa pembejeo kwanza, kinachobaki kinaingia kwenye akaunti ya mwanachama, na mwanachama ni yeye. Ndani ya mwezi mmoja imekwisha. Fanyeni haya mapema, angali mkavu, kabla ya masoko kufunguliwa. Omba nawe uandikishwe kuwa mwanachama kwa jina lako na shamba lako, hata kama ni ekari moja. Akiridhia, fungueni akaunti ya pamoja ambayo haitoi fedha bila sahihi mbili. Asiporidhia, mwombe jambo dogo zaidi: siku ya malipo muende benki wote, na mkitoka hapo mnunue mahindi kabla ya kitu kingine.

Mahindi mengi kiasi gani? Familia ya watu sita inayokula kilo mbili za unga wa dona kwa siku inahitaji kilo 730 kwa mwaka, yaani magunia saba ya kilo mia na ziada kidogo. Bei huwa nafuu wakati wa mavuno, na masoko ya tumbaku huangukia karibu na hapo. Lakini gunia likikaa ndani huondoka debe kwa debe kuelekea kilabuni. Kila gunia lishone mdomo kwa uzi wako, rangi yako, mshono unaoujua. Ukikuta mshono mwingine umejua. Zaidi ya nusu ya magunia yahifadhiwe kwa ndugu au ghala la kijiji. Ada na sare lipa palepale shuleni, chukua risiti.

Kwa wa mjini wenye mshahara ni vilevile, tofauti ni kwamba fedha inakuja kila mwezi: kodi ya nyumba ilipwe kwa miezi kadhaa, unga na mafuta vinunuliwe siku ya mshahara. Namba ya siri ya simu yako asiijue. Kikoba chako kiwe na jina lako, na daftari likae kwa mwekahazina. Na nawasihi, msiweke sahihi kuwadhamini wenza wenu kwenye mikopo ya kausha damu. Wakija kuchukua vitanda, hawaulizi nani aliyekunywa.

Wapo humu kina mama wanaopika pombe ndiyo wasomeshe watoto. Siwalaumu, najua hesabu zenu. Ila pipa la pombe na mtu anayetaka kuacha haviwezi kukaa ua mmoja. Pikieni kwa mwenzenu, au badilisheni biashara hata kwa miezi sita ya mwanzo.

Sasa lile nililosema nitalieleza. Msimfungie chumbani ili aache. Mtu anayezimua kila siku akikatishwa ghafla, kutetemeka, jasho na kichefuchefu huanza ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege huja kati ya saa 6 na 48. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa kabisa, homa juu, moyo unakimbia, anaona wadudu na watu wasiokuwepo. Hapo ndugu husema amerogwa au pepo wamepanda, anapelekwa kwa mganga wa kienyeji, na anafia njiani. Hali hiyo huua, lakini hospitalini inatibika. Wanampa diazepam, dawa ya kutuliza, kwa dozi inayoshuka siku tatu hadi saba, na vitamini B1, thiamini, miligramu 100 kwa siku kwa siku tano au zaidi, kwa sababu pombe huimaliza mwilini na ubongo huharibika ikikosekana. Msinunue diazepam dukani mkampa wenyewe. Ikichanganyika na pombe huzima pumzi.

Kwa hiyo siku atakaposema "nataka kuacha", jibu lako liwe: "Vizuri, twende kwanza hospitali." Kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Mwambieni daktari kiasi anachokunywa kwa siku, saa ya kikombe cha mwisho, na kama amewahi kuanguka degedege. Kama alishawahi, alazwe. Kama hospitali ni mbali na hajafika bado, ni salama zaidi apunguze kidogo kidogo kuliko akate palepale.

Na zile dawa za unga mnazouziwa mtie kwenye chai asijue, acheni. Hamjui kilichomo. Hata dawa halali ya hospitali inayomfanya mtu atapike akinywa pombe haipewi mtu kwa siri, maana akinywa pombe nyingi juu yake shinikizo la damu huporomoka na anaweza kufa. Aliyemtilia ni wewe.

Kuhusu kupigwa nitasema kwa ufupi na kwa uwazi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenza mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Pombe si kinga. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, upewe PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Kama damu inatoka, hospitali kwanza. Kifungu cha 59 kinamkataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa yako. Mlioishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawajua kama mke na mume, kifungu cha 160 kinawalinda pia, hata bila cheti. Lakini jueni hili: katika mambo ambayo sheria imeyaorodhesha kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika, ulevi wenyewe haumo. Ukatili umo, na kutelekeza kumo. Ndiyo maana nawaambia muwe na daftari, liwe kwa jirani: tarehe, kilichotokea, nani aliona, fedha alizoacha nyumbani wiki hiyo. Baraza la usuluhishi la ndoa, liwe la kata, la BAKWATA au la kanisa, litawauliza hayo kabla ya mahakama.

Mkoba wa dharura uwe tayari kwa mtu unayemwamini: vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kliniki, kitambulisho cha NIDA au nakala yake, nauli, nguo za watoto za siku mbili. Kubalianeni na jirani neno moja, mtoto akitumwa kulisema, jirani anajua aje na watu. Mtoto naye aambiwe kwa maneno mepesi: "Baba anaumwa ugonjwa wa pombe. Si kosa lako." Asitumwe kumtoa baba kilabuni. Namba ya simu 116 ya msaada kwa watoto ni bure, aikariri.

Mwisho, akiacha. Wengi huanguka tena, hasa mwaka wa kwanza, na mara nyingi huwa siku ya malipo, msibani, au harusini. Siku hizo pangeni kabla: nani anashika fedha, anarudi saa ngapi, na nani. Akianguka siku moja, msianze kuhesabu upya kama vile hajawahi kuacha. Mrudisheni kliniki kesho yake, kabla hajarudi kwenye kuzimua.

Nakaribisha maswali. Asiyeweza kuuliza mbele za watu aandike kwenye karatasi bila jina, aiweke kwenye boksi mlangoni. Nitajibu yote kabla hatujatawanyika.