Injini Nayo Huona Baridi

Nimeshaambiwa kwamba nina wimbo mmoja tu, wa themostati, kile kivali kinachozuia maji ya injini yasiende kupozwa kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Haya, leo nauimba tena, ila naanzia mbali kidogo, kwa matajiri wa zamani.

Rolls-Royce walipotoa gari lao la Twenty mwaka 1922, mbele ya rejeta waliweka vibao vya kulala, mfano wa dirisha la luva. Dereva anavuta mkono mdogo, luva zinafunga. Zinafunga jamani! Upepo usiingie! Mtu katoa fedha zote zile, halafu anapewa kifaa cha kuzuia injini isipoe?

Sababu iandikeni. Injini ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke yote. Hubaki matone, nayo yanateremka kwenye ukuta wa silinda, yanaosha oili, yanapenya kwenye ringi za pistoni hadi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Baadaye ukichomoa dipstiki na kuinusa, ni petroli hiyo. Oili imekuwa uji wa mgonjwa.

Cadillac walishaona hilo mapema, wala hawakutaka kumwachia dereva kazi hiyo. Injini yao ya V8 ya mwaka 1914 ilikuja na themostati, kila safu ya silinda nne na ya kwake. Na kumbukeni, wakati huo Ford Model T nyingi hazikuwa hata na pampu ya maji. Maji ya moto yanapanda, ya baridi yanashuka, basi.

Najua kuna mtu pale nyuma ananong'ona: mwalimu, huko kwao kuna theluji, hapa Dar ni nyuzi 32. Bwana mdogo, injini inataka 85, inataka 90. Hizo 32 zako kwake ni kipupwe.

Lakini gari likichemsha, fundi anakimbilia wapi? Anatoa themostati. Mimi mwenyewe nimefanyiwa. Nafuata gari gereji, nakabidhiwa funguo na kimfuko cha nailoni. Nauliza hii nini. "Mzee, nimekutolea, ilikuwa inazuia maji." Inazuia maji, ndiyo, si ndiyo kazi iliyoajiriwa! Halafu kuna injini nyingi ambazo themostati ikifunguka, upande wake wa chini unaziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, mkato unabaki wazi siku zote, na maji mengine hayaionji rejeta kabisa. Sasa likafike mlima Kitonga na mzigo, utaniambia. Kama imekufa, weka nyingine. Kabla hujaiweka itumbukize kwenye sufuria jikoni, maji yakikaribia kuchemka uione inavyofunguka.

Naonyeshwa saa. Haya, geji ya joto, upesi. Boyce MotoMeter ilikuwa kipimajoto juu ya kifuniko cha rejeta, dereva anakisoma kupitia kioo cha mbele. Kilipima mvuke ulio juu ya maji, si maji yenyewe, na usiku bila taa hukioni. Pambo zuri, hata hivyo. Baadaye geji ikahamia kwenye dashibodi kwa kijibomba chembamba kama waya. Ukikikunja vibaya, imekufa.

Lakini hata geji ya leo inasoma kile kinachoigusa. Maji yakivuja yote, kihisio kinabaki hewani, mshale unashuka, dereva anashukuru Mungu gari limepoa. Mshale ukishuka ghafla mlimani, simama, zima, na kifuniko usikiguse kwanza.

Maswali?