Gari Linajuaje Kwamba Linaserereka?

MTANGAZAJI: Fundi, leo tuanze na ile taa ya dashibodi, kigari chenye mistari ya nyoka nyuma yake.

FUNDI: Ambayo wengine wanaibandikia plasta! Ni ya mfumo wa kuzuia gari lisiserereke. Toyota wanauita VSC, Mercedes ESP. Kazi ni ile ile.

MTANGAZAJI: Linajuaje? Maana mimi hujua nikishatazamana na mtaro.

FUNDI: Kwanza linataka kujua dereva anakusudia kwenda wapi. Hiyo ni kazi ya sensa, yaani kihisi, ya usukani, pamoja na zile za kasi ya kila tairi. Kisha, gari lenyewe linakwenda wapi? Hapo ndipo penye utamu, dada. Karibu na katikati ya gari kuna kifaa chenye sensa mbili: moja inapima pua inageuka kwa kasi gani, nyingine inapima gari linasukumwa kiasi gani kwa ubavu.

MTANGAZAJI: Hiyo ya kugeuka inapimaje, na imefungiwa humo ndani?

FUNDI: Ina kipande cha silikoni kidogo sana, kinatetemeka maelfu ya mara kwa sekunde. Gari likigeuka, mtetemo unasukumwa pembeni kidogo, na umeme unausoma msukumo huo. Ni nguvu ya Coriolis, ile inayopindisha pepo za baharini.

MTANGAZAJI: Mbona isitoshe hiyo moja?

FUNDI: Kwa sababu kila kona gari linageuka, na hilo si kosa. Sasa kata kona ile ile, mwendo ule ule, ila juu ya tope. Usukani umekatwa, lakini msukumo wa ubavuni ni mdogo: tairi hazishiki. Kompyuta inajua pua inateleza kwenda mbele, inabana breki ya tairi la nyuma, upande wa ndani wa kona. Mkia ukitaka kuja mbele, inabana la mbele, upande wa nje.

MTANGAZAJI: Tairi moja tu?

FUNDI: Hata dereva wa rali hana pedali nne za breki!

MTANGAZAJI: Na hii ilianza kwenye magari ya matajiri, eti?

FUNDI: Mercedes S-Class, 1995, kwa kazi ya kampuni ya Bosch. Kilichoishusha chini ni aibu. Oktoba 1997, jarida la Teknikens Värld la Sweden lilijaribu A-Class, gari dogo la Mercedes, kwa kukwepa ghafla, gari likapinduka. Mercedes wakaufunga mfumo huo kwenye kila A-Class. Ulaya imeulazimisha kwa magari yote mapya tangu Novemba 2014.

MTANGAZAJI: Mimi nimefanya alaimenti, taa ikabaki inawaka.

FUNDI: Huenda sensa haijui tena usukani ulionyooka ni upi. Egesha pahali tambarare, nyoosha usukani, fundi aweke sifuri upya kwa mashine.

MTANGAZAJI: Na tairi zikiwa kipara?

FUNDI: Sensa zitaona kila kitu, dada. Breki itabana, tairi litateleza vilevile.