Miaka Thelathini na Wimbo Mmoja: Kazi ya Paul Robeson Jukwaani

Mabibi na mabwana, walimu wa muziki, na nyinyi waigizaji wa Nairobi mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kunisikiliza, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie kazi ya mwigizaji anayeimba jukwaani. Badala ya kuzungumza kwa jumla, nimeonelea nimchukue mtu mmoja, Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mmarekani Mweusi, na katika maisha yake nichukue wimbo mmoja tu. Ninayo sababu. Katika jiji hili mchezo wa nyimbo hufanyiwa mazoezi kwa miezi, ukachezwa wikendi moja au mbili, kisha mapambo yakabomolewa na kila mtu akaenda kutafuta usaili mwingine. Kwa hivyo mwimbaji wetu anajua vizuri namna ya kuipata nafasi, lakini hapati kujua nafasi hiyo ingemfikisha wapi kama angeishi nayo.

Robeson alizaliwa Princeton, New Jersey, mwaka 1898, mtoto wa mchungaji aliyekuwa ametoroka utumwani angali kijana. Alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1923, ila hakudumu katika kazi hiyo kwa sababu ubaguzi wa rangi ulimfungia njia. Jukwaa alikuwa ameshalionja: mwaka 1922 aliingia kwa muda mfupi katika Shuffle Along, mchezo wa nyimbo uliotungwa na kuchezwa na Wamarekani Weusi, akiimba bezi, yaani sauti nzito ya chini, katika kikundi cha waimbaji wanne. Baadaye akaigiza katika tamthilia za mazungumzo, na mnamo Aprili 1925, akisindikizwa na mpiga piano Lawrence Brown, akatoa tamasha jijini New York lenye nyimbo za Wamarekani Weusi peke yake. Naomba muuangalie mfuatano huo. Kwanza alikuwa mmoja kati ya wanne, akajifunza kusikiliza, kisha akaigiza, kisha akasimama peke yake bila vazi la mhusika wala mapambo, na piano tu ubavuni. Alipofika kwenye mchezo uliomjengea jina, hakuna kipande cha kazi hii kilichokuwa kigeni kwake.

Mchezo huo ni Show Boat, ambao muziki wake ni wa Jerome Kern na maneno ni ya Oscar Hammerstein, nao ulifunguliwa Broadway, mtaa wa kumbi za maonyesho wa New York, mwezi Desemba 1927. Watunzi walimkusudia Robeson kwa nafasi ya Joe, mchukuzi wa mizigo kando ya mto Mississippi, lakini ratiba hazikuoana, na aliyetangulia kuicheza ni Jules Bledsoe. Robeson aliipokea London, katika ukumbi wa Drury Lane, mwezi Mei 1928, na mchezo ukaonyeshwa mara 350. Sasa, Joe si mhusika mkuu. Hana mapenzi wala ugomvi unaosukuma kisa mbele. Kazi yake ni kuutazama mto na kuuimba, na wimbo wake, Ol' Man River, unarudi mara kadhaa huku miaka 40 ya hadithi ikipita. Nimewasikia wanafunzi wangu wakinung'unika kwamba wamepewa wimbo mmoja tu katika mchezo mzima. Joe naye alipewa huo mmoja.

Tuutazame wimbo wenyewe kwa karibu. Umbali kati ya noti yake ya chini na ya juu unazidi oktava (ngazi ya noti nane) moja na nusu, na mwendo wake ni wa polepole, hivi kwamba mwimbaji hana pa kujificha. Unaanza chini, mahali ambapo sauti isiyoshikwa na pumzi ya tumbo hugeuka mnong'ono, na unakwenda kumalizikia juu, ambapo koo lililochoka hupiga kelele badala ya kuimba. Mwaka 1928 hapakuwa na maikrofoni za kufichwa kwenye nywele, na ukumbi wa Drury Lane ulichukua watu zaidi ya 2,000. Robeson alikuwa na desturi ya kukinga kiganja sikioni anapoimba, kama muadhini, ili aisikie sauti yake mwenyewe kabla haijapotelea ukumbini. Wengi wetu siku hizi tunaiachia kazi hiyo spika iliyo miguuni petu, na umeme ukikatika katikati ya onyesho, jambo ambalo sihitaji kuwaeleza watu wa Nairobi, ndipo inapojulikana ni nani aliyekuwa akijisikiliza.

Nafasi hiyo hakuiacha. Aliicheza tena Broadway mwaka 1932, katika filamu ya mwaka 1936, na jukwaani Los Angeles mwaka 1940, na nje ya mchezo aliuimba wimbo huo katika matamasha yake mwaka baada ya mwaka. Ni katika matamasha hayo ndipo alipoanza, mwishoni mwa miaka ya 1930, kuyabadilisha maneno. Neno la dharau dhidi ya watu weusi lililokuwa katika maneno ya awali alikataa kuliimba. Na pale karibu na mwisho, ambapo Joe wa mwanzo anasema amechoka kuishi na anaogopa kufa, Robeson aliimba kwamba anacheka badala ya kulia na kwamba hana budi kupigana mpaka kufa. Mimi kama mwalimu wa sauti navutiwa na jambo moja hapo: muziki wa Kern mahali hapo unapanda. Tangu mwaka 1927 noti zilikuwa zikipanda ilhali maneno yakizungumzia uchovu, na waimbaji wengi huitatua tofauti hiyo kwa kuongeza majonzi. Robeson aliimba noti zilezile, lakini maneno yake yalikwenda zilikokuwa zikienda. Ugunduzi wa namna hiyo sidhani unapatikana katika onyesho la tatu, hata la thelathini.

(Niseme hapa kwa haraka, kwa kuwa nawaona waongozaji wakikunja nyuso, kwamba aliyafanya hayo katika matamasha yake, na Hammerstein hakufurahishwa nayo. Mchezo mlioulipia leseni mnauimba kama ulivyoandikwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi kama inavyowalinda nyinyi.)

Kilichomfikisha hapo kina uhusiano na sisi. Mwaka 1934 Robeson alikuwa London akisoma Kiswahili katika chuo cha taaluma za Mashariki, na mwaka uliofuata akaonekana katika filamu ya Sanders of the River, ambayo mmoja wa waigizaji wake wa pembeni, wasiotajwa, alikuwa Jomo Kenyatta. Robeson aliingia akitarajia filamu itakayouonyesha utamaduni wa Kiafrika kwa heshima. Iliyotoka iliusifu utawala wa Mwingereza, naye akaikana. Si sadfa, kwa maoni yangu, kwamba mtu aliyeona sauti yake ikitumiwa kubeba ujumbe asioukubali alianza, miaka michache baadaye, kuyakagua maneno ya wimbo wake neno kwa neno.

Alilipa kwa msimamo wake wa kisiasa. Serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti kuanzia mwaka 1950 hadi 1958, na kumbi nyingi za nyumbani zikamfungia milango. Mwaka 1957 aliwaimbia watu waliokusanyika London kupitia waya wa simu uliopita chini ya Atlantiki. Mnamo Novemba 1960 aliwaimbia mafundi waliokuwa wakijenga jumba la opera la Sydney, miaka 13 kabla halijafunguliwa, na katika nyimbo alizoimba siku hiyo ulikuwemo uleule wa Joe.

Milango iliyofungwa tunaijua hata hapa. Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kigikuyu wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, ulianza katika kijiji cha Kamiriithu mwezi Oktoba 1977 na kupigwa marufuku mwezi uliofuata. Maitu Njugira, mchezo mwingine wa Ngugi wa Thiong'o uliojaa nyimbo, ulizuiwa kuingia Kenya National Theatre mwaka 1982 baada ya umati kumiminika chuo kikuu kutazama mazoezi tu. Ngaahika Ndeenda uliporudi jukwaani Nairobi mwaka 2022, waigizaji wake wengi walikuwa hawajazaliwa ulipopigwa marufuku. Hapakuwa na mtu aliyekomaa ndani ya nafasi zile kwa miaka 45 akawaonyesha ziliko noti zinazopanda.

Leo hatuzuiwi na amri ya serikali, tunazuiwa na kalenda. Maprodyuza walio hapa huniambia kwamba kodi ya ukumbi ndiyo inayowabana, nami siwabishii, maana nimeziona hesabu zao. Lakini sehemu kubwa ya gharama ya mchezo wa nyimbo iko kwenye mazoezi, nayo hulipwa mara moja; mkiyahifadhi mapambo na kuwarudisha waigizaji walewale baada ya miezi sita, iwe hapa, Mombasa au Kisumu, onyesho hilo litatumia mazoezi ambayo tayari mmeyagharamia.