Andaa fremu ya picha kwa mzazi aliye kwenye makao ya wazee

Habari zenu wapendwa, karibuni. Fremu hii ya kidijitali, inayoonyesha picha unazoitumia kutoka kwenye simu kwa njia ya Wi-Fi, ni ya mama mkubwa, naipeleka makaoni kwake Jumamosi. Mama yangu anayo ya kwake tayari, na hakuna kazi ninayoipenda kama hii.

Kuitoa kwenye boksi, kuchomeka waya, kuchagua lugha, hayo mnayaweza. Tuendelee.

Wi-Fi. Hapa nisikilizeni vizuri. Fremu nyingi zinashika mawimbi ya gigahezi 2.4 tu, ya 5 haziyaoni kabisa. Tena Wi-Fi ya makao mengi inakufungulia kwanza ukurasa wa kujaza jina, na fremu nyingi haziwezi kuufungua. Ya mama niliibeba bila kuuliza. Mama keshakaa kitini, miwani kavaa, tukabaki saa nzima tunatazama kiduara kinazunguka. Iliniuma sana. Kwa hiyo piga simu kabla hujaenda! Uliza kama 2.4 ipo, uliza kama kuna ukurasa wa kuingilia. Ukiwepo, waombe waisajili fremu kwa namba yake ya MAC, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, utaikuta kwenye mipangilio. Ikishindikana, na fremu ina tundu la kadi ya kumbukumbu, jaza picha kwenye kadi.

Ngoja, kioo kinarudisha mwanga, hamuoni kitu. Naigeuza... hapo sawa. Na mzazi naye yatamkuta haya haya kama fremu inatazamana na dirisha. Ukifika, laza kichwa chako kwenye mto wake uangalie kutoka pale pale.

Sasa picha. Chagua zenye mtu mmoja au wawili, sura zimejaa. Picha ya watu arobaini kwa macho ya mzee ni vidoti tu. Kama fremu inakubali maandishi, weka jina na uhusiano: "mjukuu wako, mtoto wangu wa pili". Hasa kama kumbukumbu imeanza kumpotea, asibaki anajiuliza huyu nani. Na msipeleke za sherehe peke yake. Mama alifurahia sana picha ya mlango wetu uliopakwa rangi mpya, akataka kujua nani kapaka na kwa nini hakumalizia pembeni.

Ndugu wakikutumia picha kwa WhatsApp, waambie watume kama hati, la sivyo inabanwa na inapungua ubora.

Ingia kwenye mipangilio. Muda wa kila picha, mimi naweka dakika moja. Sekunde kumi ni chache, mzee hajamaliza kutazama imeshaondoka. Zima mguso wa skrini kama inawezekana. Mama alimwekea mjukuu kidole shavuni, picha ikateleza ikaenda zake, akabaki anaitafuta. Halafu weka saa ya kujizima usiku, maana chumbani kuna mwenzake anayelala. Huyo mwenzake, na wengine wa pale, usiwapige picha kabla hawajakuruhusu.

Mwisho, kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kutuma, ingiza wanafamilia tu.

Haya, natuma ya kwanza kutoka kwenye simu... ngoja kidogo... imetokea, mnaiona? Hii ni kwa Wi-Fi ya nyumbani lakini. Ya makaoni bado sijaiulizia, kwa hiyo nazima kamera niwapigie sasa hivi.