Matrekta ya Mwanzo na Mkulima Aliyechoka Kudanganywa

Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa zana za kilimo, nanyi wakulima mlioacha shamba asubuhi hii kuja kunisikiliza: wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie matrekta ya mwanzo na watu walioyatengeneza. Habari hii husimuliwa kwa majina ya wavumbuzi, nami nitawataja, ila harakaharaka, kwa sababu mtu ninayemtaka leo hakuvumbua chochote. Alikuwa mkulima wa jimbo la Nebraska, Marekani, jina lake Wilmot Crozier. Umaarufu wake ulianzia kwenye kununua trekta bovu.

Turudi 1892. Kwenye mashamba ya ngano ya Marekani, mashine za kupuria ziliendeshwa na injini za mvuke: dude zito, linakula makaa na maji mchana kutwa, na cheche yake ikiangukia mabua makavu, mavuno yanateketea. John Froelich wa Iowa alikuwa akienda Dakota kila msimu kuwapuria watu ngano kwa malipo, na adha hiyo aliijua vizuri. Akachukua injini ya petroli, akaifunga kwenye fremu ya injini ya mvuke, akaipa gia ya kwenda mbele na ya kurudi nyuma. Ikapura msimu mzima. Kampuni ikaundwa mjini Waterloo, ikauza matrekta mawili, na yote mawili yakarudishwa na wanunuzi. Froelich akajitoa. Waliobaki wakatengeneza injini za kusimama mahali pamoja, na baada ya miaka mingi wakalirudia trekta kwa jina la Waterloo Boy. Mwaka 1918 John Deere waliinunua kampuni hiyo, na hivyo ndivyo watengeneza plau walivyoingia kwenye matrekta kwa kishindo.

Wengine nawapitia. Charles Hart na Charles Parr walikutana chuoni Wisconsin, wakajenga kiwanda Charles City, Iowa, na trekta lao la kwanza likatoka 1902. Yale makubwa yaliyofuata yalikuwa na uzito wa takribani tani 9, na injini yake ilipozwa kwa mafuta badala ya maji, jambo la maana sana mahali ambapo maji huganda wakati wa baridi. Mwaka huohuo wa 1902, kule Biggleswade, Uingereza, Dan Albone, fundi wa baiskeli, alitoa trekta jepesi la magurudumu matatu, Ivel. Mimi binafsi naona huyu Albone alikuwa mbele ya wenzake wote kwa fikra, maana mkulima wa kawaida hana ardhi ya kubeba tani 9. Lakini alifariki 1906, na kampuni haikufika mbali bila yeye.

Kisha ikaja fujo. Vita Kuu ya kwanza ilipandisha bei ya nafaka, vijana na farasi wakapelekwa vitani, na kila mkulima akataka trekta. Makampuni yakachipuka, zaidi ya mia moja. Mengine yalikuwa na mafundi wa kweli. Mengine yalikuwa na mchoro, tangazo gazetini na hisa za kuuza. Naona mafundi mnacheka, mnawajua.

Mjini Minneapolis kulikuwa na kampuni moja iliyojiita Ford Tractor Company. Henry Ford wa magari hakuhusika nayo hata kidogo. Walimwajiri kijana mwenye jina la ukoo Ford, wakatumia jina lake, kwa sababu gari la Model T lilikuwa limeshawafanya wakulima waliamini jina hilo kwa macho yaliyofumbwa. Henry Ford mwenyewe alipoanza kutoa trekta lake 1917, alikuta jina limeshachukuliwa, akaliita Fordson.

Crozier alinunua hiyo Ford ya Minneapolis. Ikamshinda. Akaletewa nyingine, nayo ikamshinda vilevile. Akajaribu Bull, trekta la bei rahisi lililokuwa linavuma, likamvunja moyo pia. Hatimaye akapata Rumely, ambalo lilifanya yote lililoahidiwa na kuzidi. Hapo ndipo swali lilipomkaa kichwani: kama watengenezaji wakweli wapo, kwa nini mkulima awatambue kwa kupoteza fedha zake kwanza?

Akaingia kwenye bunge la jimbo. Mwaka 1919, akishirikiana na Seneta Charles Warner na kushauriwa na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nebraska, akapitisha sheria: hakuna aina ya trekta itakayouzwa Nebraska kabla mfano wake haujapimwa chuoni na madai ya kiwanda kulinganishwa na matokeo. Na sharti la pili, ambalo watu hulisahau: muuzaji awe na kituo chenye spea ndani ya jimbo.

Upimaji wenyewe ulikuwa hivi. Nguvu farasi inayozaliwa ndani ya injini haifiki yote ardhini. Nyingine inaishia kwenye gia, nyingine kwenye magurudumu yanayoteleza. Kwa hiyo walipima mara mbili: kwanza kwenye mkanda unaozungusha mashine iliyosimama, kisha kwenye ndoano ya nyuma, trekta likivuta mzigo wenye kipimo huku mwendo, utelezi na mafuta vikiandikwa. Ndiyo sababu matrekta ya wakati ule yaliandikwa namba mbili. Waterloo Boy ya 12-25 maana yake nguvu farasi 12 kwenye kuvuta, 25 kwenye mkanda. Hiyo Waterloo Boy ndiyo iliyomaliza majaribio ya kwanza, masika ya 1920. Baadhi ya matrekta yaliyofuata yalilazimika kurekebishwa, na kuna viwanda ambavyo havikuthubutu kupeleka lolote.

Msidhani vipimo vilimaliza matatizo. Fordson liliuzwa kwa wingi kuliko yote, na 1922 Ford aliishusha bei hadi dola 395, viwanda vingi vikafa. Lakini plau ikinasa kwenye kisiki, lilikuwa na tabia ya kuinua pua na kumpindukia dereva. Ndoano haikupima hilo.

Na kwetu? Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga Kongwa, Tanganyika. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya jeshi, yaliyonunuliwa yakiwa yametumika, na muda si mrefu mengi yakawa yamelala. Spea hakuna, mafundi wachache, udongo wa Kongwa ukikauka ni kama saruji. Sharti la pili la Crozier lilikuwa limeshafikisha miaka 28. Baadaye tulikuja kuwa na kitengo chetu cha kupima zana, TAMTU, kule Arusha, na kazi yake ikarithiwa na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini kilichoundwa 1981. Kwa hiyo wazo hili si geni hapa.

Kule Lincoln, Nebraska, wanapima hadi leo, na matokeo yako wazi kwa yeyote. Muuzaji akikwambia trekta hili lina nguvu farasi 75, muulize: za injini, za shafti ya nyuma inayozungusha mashine nyingine, au za kuvuta? Kisha muulize duka la spea liko mji gani. Naomba niishie hapo, Mwenyekiti, nipokee maswali.